Jani Lililopitishwa Motoni

Mzee Yakobo Mayala aliacha vitu vichache duniani: kitanda cha kamba, sufuria moja, redio ya kaseti iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na kanda arobaini na moja zenye sauti yake akieleza majani. Wengine huacha wajane wanne wanaogombea kochi. Yeye hakuacha hata paka.

Asubuhi ya Ijumaa, siku ya tatu tangu akutwe amekufa, Inspekta Msaidizi Ponsian Byabato alikuwa ameketi kwenye kiti pekee cha chumba kile cha Igoma, akimsikiliza marehemu akiusifia mkwaju.

"Mgeni wa leo ni mkwaju," ilisema sauti kutoka redioni, polepole, kama mwalimu anayesoma imla. "Vijani vyake vimepangana pande mbili kama meno ya kitana. Tumbo la jani ni kavu kidogo, mgongo ni mkavu zaidi. Ukivipitisha mdomoni ni kope za mtoto aliyelala. Ukingo hauumi. Kikonyo chembamba, kinatii."

"Kikonyo kinatii," alirudia Sajini Ndalahwa, aliyeegemea mlango huku tumbo lake limeziba nusu ya mwanga. "Afande, mimi nina mke na watoto saba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitii kama hicho kikonyo."

Byabato hakucheka. Hakuwa mtu wa kucheka kabla ya saa sita. Alikuwa Mhaya wa Kamachumu, miaka hamsini na mmoja, mwembamba, mwenye kola iliyonyooshwa kwa pasi na mikono yake mwenyewe, kwa kuwa mwaka juzi mkewe alikwenda Dar es Salaam kufuata mitumba. Mitumba ilikuja. Mke hakuja.

"Hii kanda ya mwisho, iliyokutwa ndani ya redio, mliisikiliza mpaka wapi?" aliuliza.

Ndalahwa alijikuna shingo. "Mpaka alipomtaja yule bibi tuliyemkamata. Anasema, 'Ng'washi kaniletea msasa.' Halafu betri zikalegea, mzee akaanza kuongea kama mtu anayezama ziwani."

"Mkazima."

"Tukazima. Ukishampata ng'ombe wako kwenye zizi la mwizi, unaendelea kutafuta nini? Mkia?"

Byabato alitoa mfukoni betri nne mpya, akazipanga mezani moja moja kama askari wa gwaride.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kwa miaka thelathini Mayala alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo. Yeye ndiye aliyekuwa akikausha majani, akiyabandika kwenye karatasi ngumu na kuandika chini yake yalivyo. Lilipopita punguzo la wafanyakazi, wakati serikali ilipojifunza kuhesabu vichwa na kukuta ni vingi mno, alirudishwa nyumbani. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuzibwa na mtoto wa jicho. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama kwato. Akabakiwa na mdomo wa chini. Jani alilipitisha hapo, akaiambia redio lilivyo, basi siku ikapita.

Jumatano asubuhi mama wa maandazi wa jirani alimkuta amelala chini, amekwisha kupoa. Daktari alisema ni sumu ya mmea: mboni zilikuwa zimepanuka, kinywa kikavu, na majirani walisikia akiropoka usiku kucha, wakadhani anarekodi. Kwenye sufuria yalikutwa mabaki ya majani yaliyopikwa. Ukutani palikuwa na kicha cha majani ya msasa. Mpwa wake, Jonathan, alipoona kile kicha alipiga kelele jina moja tu, la Ng'washi, mganga wa Kisesa, na kelele zile zilifika Kisesa kabla ya polisi.

Byabato alipachika betri, akarudisha kanda nyuma, akabonyeza.

"Jumatatu. Mgeni wa leo ni rafiki wa zamani. Ng'washi kaniletea msasa wa kukandia magoti. Tumbo lake ni ulimi wa paka. Mgongo wake ni ulimi wa paka aliyekasirika."

"Hapo," alisema Ndalahwa. "Hapo ndipo tulipozima."

Kanda iliendelea kukwaruza. Kikohozi. Mlio wa kiti. Kisha sauti ile ile, lakini imechangamka.

"Jumanne. Leo hakuna mgeni. Mtu wangu kapita na haraka zake, sijamsikia, lakini hakunisahau. Kaniachia mboga dirishani. Mboga! Nimeigusa kidogo kabla ya kuosha, mazoea yana tabu. Jani pana, nyororo pande zote mbili. Lina manyoya mafupi mno, kidole hakiyasikii, mdomo ndio unaoyajua. Ni sikio la mwanambuzi wa siku mbili. Sijui kwao wanaiitaje. Nitamuuliza akirudi. Sasa napika."

Kibonyezo kililia: ta! Upande uliobaki wa kanda ulikuwa kimya, nao Byabato aliusikiliza wote.

"Mtu wangu," alisema Ndalahwa mwishowe. "Mzee alikuwa na hawara?"

"Mzee alikuwa na mtu," alisema Byabato. "Nasi tumemweka ndani mwingine."

*

Kituo kidogo cha polisi cha Igoma kilikuwa na chumba kimoja cha mahabusu na mti mmoja wa kivuli. Chini ya mti walikaa wanaume kumi na wawili wa sungusungu kutoka Kisesa, fimbo zimelala mapajani, wametulia kama watu wanaongoja mvua. Kamanda wao, Antoni, mwenye filimbi shingoni, alisimama kwa heshima.

"Habari za kazi, afande. Sisi hatuna haraka."

"Mnangoja nini, kamanda?"

"Tunangoja sheria iseme. Ikisema ni yeye, tutarudi nyumbani. Isiposema, tutarudi naye."

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayekukaribisha uji. Mkuu wa polisi wa wilaya naye alikwisha kutoa amri yake asubuhi: ifikapo saa kumi jioni, bibi ashitakiwe au aachiwe. Saa ya ukutani ilisema saa tano na robo.

Ng'washi alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, kanga ameikunja vizuri magotini. Alikuwa na miaka sabini au zaidi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha mazima, na upande ule wa nchi, miaka ile, macho mekundu ya bibi kizee yalikuwa ushahidi tosha wa uchawi kwa wasiotaka ushahidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Byabato alichuchumaa, akafungua chupa ya jemu aliyohifadhia sehemu ya majani ya sufuria. Nyingine ilikwisha kupelekwa maabara ya serikali Dar es Salaam, na jibu lingerudi baada ya wiki sita. "Nataka uliguse hili, mama. Usile."

"Nitakulaje kitu kilichomuua mtu? Mimi ni mzee, si mbuzi." Alichota jani moja, akafumba macho, akalisugua taratibu kati ya kidole gumba na cha pili. Alikaa nalo muda mrefu. "Huyu si msasa. Msasa hata umpike kutwa, makali ya ulimi wake hayaishi. Huyu ameyeyuka kama mlenda."

"Ni jani gani?"

"Simjui. Mimi nawajua wa huku. Huyu si mwenyeji."

"Na ule msasa ulimpelekea ale?"

"Nani anakula msasa, baba? Si atajikwangua utumbo! Niliupeleka wa kukandia magoti. Tena niliubeba mkononi, kutoka Kisesa mpaka Igoma, kila mtu anauona. Dawa yangu siifungi kitu, wala siifuniki. Dawa iliyofunikwa ina jina lingine, nawe Ndalahwa unalijua hilo jina."

Ndalahwa aliangalia viatu vyake. Alikuwa Msukuma wa Magu; jina hilo alilijua tangu tumboni.

"Jana wameiezua nyumba yangu," alisema Ng'washi. "Ukinifungulia mlango huu bila neno la kuwaambia wale, nitafika Kisesa mzima. Ila kukucha sitafika."

Byabato alifunika chupa. Hakumwahidi kitu. Alitoka, akamkuta Jonathan, yule mpwa, amesimama mbali kidogo na sungusungu, mikono imejaa makovu ya cheche. Alikuwa na kibanda cha kuchomelea mageti barabara ya Musoma, na tangu biashara ziwe huria kila mwenye nyumba alitaka geti.

"Nani alikuwa akimtembelea mjomba wako?"

"Hakuna, afande. Mjomba hakuwa na mtu."

"Wewe ulimtembelea lini mara ya mwisho?"

"Mimi? Mara ya mwisho… Krismasi."

"Sasa hivi ni Septemba."

"Kazi, afande. Biashara huria."

"Na kutoka kibanda chako mpaka chumbani kwake ni hatua ngapi?"

Jonathan alichokonoa kovu kiganjani. Byabato aliuliza kilichobaki kwa kuwa alilazimika kuuliza: nyumba ya nani? Ya kupanga. Shamba? Hakuna. Mirathi? Redio. Jumanne alikuwa wapi? Kutwa kibandani, na mafundi wanne walimwona. Akalipiga mstari jina la Jonathan kwenye daftari.

"Mboga mjomba wako alizijua kwa harufu?"

"Harufu ipi? Hakuwa na pua yule. Zile dawa za kuulia wadudu kwenye makabati ya majani zilimmaliza. Gesi ikivuja kibandani alikuwa anakaa tu, anasimulia."

Hilo Byabato aliliandika.

*

Walirudi chumbani kwa mzee, safari hii nyuma ya nyumba, kwenye shimo la taka. Byabato alikunja mikono ya shati, akaanza kutoa kimoja kimoja: maganda ya viazi, betri zilizokufa, kibiriti kitupu. Ndalahwa alimshikia koti kama mtumishi wa bwana arusi.

"Kipofu akiletewa mboga, mboga imefungwa," alisema Byabato akiwa ameinama. "Dirishani hapana kapu, hapana sahani. Ndani hamna gazeti wala mfuko wa rambo."

"Labda zilikuwa wazi."

"Jani la sikio la mwanambuzi, juani, dirishani? Lingekauka kabla hajalipapasa."

Chini ya maganda alilikuta: kipande cha jani la mgomba, kikavu, kimekunjwa mara nne, na kamba ya mgomba ingali imening'inia pembeni. Alikichukua kwa vidole viwili, akakiweka juu ya jiwe, akakitazama kwa muda mrefu kuliko Ndalahwa alivyoweza kuvumilia.

"Afande, hilo ni jani la mgomba. Hata mimi niliyelelewa kwa ugali nalijua."

"Lete jani bichi. Pale kwa jirani pana mgomba."

Ndalahwa akaenda, akarudi na jani lenye urefu wa mkono. "Likunje mara nne," alisema Byabato. Ndalahwa akakunja. Jani likapasuka pa! kwenye mshipa, halafu likachanika vipande vipande kama bendera iliyopigwa upepo.

"Sasa twende kwa mama wa maandazi."

Mama wa maandazi alipoona polisi wawili wamebeba jani la mgomba kuelekea jiko lake, alitaka kukimbia na karai. Byabato aliomba radhi, akachukua kipande kilichosalia kizima, akakipitisha juu ya makaa, huku na huku, bila kukigusisha. Kijani kikakolea. Jani likang'aa, likatoa jasho, likalegea. Alilikunja mara nne. Halikulia. Alilikunja mara nane. Lilikubali kama kanga ya zamani.

"Ona mkunjo," alisema, akalilaza kando ya lile la shimoni. "Hili la taka halina hata ufa mmoja. Limepitishwa motoni kabla ya kufungwa."

"Sasa nani ana muda huo?" alisema Ndalahwa. "Sokoni wanafunga bichi, likichanika linachanika."

"Nyumbani kwetu hufungi chakula kwenye jani bichi. Mama akikutuma kwa bibi na dagaa, au uyoga, au mboga, kwanza jani motoni. Ukipokea kifurushi gizani, ukagusa, ukakuta kilaini hivi, huulizi. Ni cha kula."

"Basi hata ndizi mnaivalisha nguo, nyie!" Ndalahwa alicheka, kisha akaacha ghafla. "Ngoja. Mzee aligusa…"

"Mzee alisoma kila kitu kwa kugusa. Kwanza aligusa jani la nje. Jani la nje likamwambia mtu wa majani wa miaka thelathini: chakula." Byabato alimgeukia mama wa maandazi. "Mama, hapa karibu anakaa Mhaya?"

"Zaidi yako?" alisema yule mama, ambaye sasa hofu ilikwisha kumtoka. "Yupo Bernadeta, chumba cha nyuma kabisa. Anafanya usafi nyumba ya wageni kule ufukweni. Jumanne alivuka kwenda Kamanga, mdogo wake kajifungua. Karudi leo alfajiri. Nikampa habari ya msiba, akashika ukuta, halafu akaenda kazini hivyo hivyo."

"Alikuwa akienda kwa mzee?"

"Kila jioni! Nani mwingine alikuwa akienda?"

"Mbona hukutuambia Jumatano?"

"Mliniuliza kama nilimwona mchawi," alisema mama wa maandazi, akageuza andazi. "Mchawi sikumwona."

*

Nyumba ya wageni ilikuwa mpya, ya vigae, mojawapo ya zile zilizochipuka ufukweni tangu wanunuzi wa minofu ya sangara waanze kuja na ndege. Chini kwenye maji magugu yalikuwa yametanda mpaka mbali, kijani kitupu, na wanaume watatu walikuwa wakiyavuta kwa reki bila kuonekana wamepunguza chochote. Byabato alimwacha Ndalahwa kwenye Landrova, akaingia bustanini peke yake.

Mwanamke wa miaka arobaini na ushei alikuwa akifagia chini ya kichaka kirefu chenye maua meupe yaliyoinama kama tarumbeta zilizotundikwa. Alifagia mahali palipokwisha kuwa safi.

"Ma Bernadeta," alisema Byabato, kwa salamu ya Kihaya.

Alisimama. "Karibu, Ta. Umejuaje kuwa mimi ni wa kwetu?"

"Kwa namna unavyofunga kifurushi." Byabato alijitambulisha, jina, cheo na kituo, kama kanuni inavyotaka. "Nimekuja kwa ajili ya Mzee Mayala. Ulikuwa ukimpelekea majani?"

Uso wa Bernadeta ulilegea kidogo. "Kila nikitoka kazini. Nafika mlangoni nasema, 'Hodi, nina mgeni.' Anajibu, 'Mwingize, tujuane.' Jani moja tu, Ta, tunaweza kukaa nalo saa nzima. Lile gugu la pale majini nilimpelekea, watu wote wanalilaani, yeye akalishika, akabonyeza shingo yake yenye hewa, akasema, 'Adui mwenye shavu zuri namna hii sijapata kumgusa.'" Alicheka kidogo, akajifuta pua kwa mkono ulioshika fagio. "Mimi kwangu hapana wa kuniuliza nimeshindaje. Yeye alikuwa anauliza. Halafu wanasema yule bibi wa Kisesa kampa dawa."

"Jumanne ulimpelekea jani?"

"Nilipeleka, tena konzi nzima, yamtoshe mpaka nirudi. Nilikuwa nakimbilia kivuko. Nikagonga, akawa msalani. Nikaweka dirishani. Nikasema nikirudi atanieleza lilivyo."

"Jani gani?"

Aligusa tawi la kile kichaka cha tarumbeta. "Hili. Mwenye nyumba alileta mche kutoka ng'ambo. Gusa, Ta."

Byabato aligusa kwa mgongo wa kidole. Akakunja kidole, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha kitambaa mfukoni.

"Ulilifungaje?"

"Ni jani laini mno, jua lingelinyausha. Nikachukua jani la mgomba hapo jikoni, nikalipitisha motoni, nikafunga. Mkono tu. Ulifanya wenyewe."

"Kwenu, mama yako alipolipitisha jani la mgomba motoni, alikuwa anafunga nini?"

"Chakula. Dagaa. Uyoga. Mbo…"

Fagio lilisimama. Kwa mbali reki ziliendelea kukwaruza mawe. Bernadeta alilitazama tawi aliloligusa, kisha mkono wake, kisha Byabato, na Byabato, aliyewahi kuwabana majambazi wakalia, alitazama magugu.

"Alilipika," alisema Bernadeta.

"Ndiyo."

Alikaa chini, palepale kwenye majani aliyokuwa ameyakusanya. Byabato alimwacha akae. Alihesabu moyoni mpaka mia moja, akaanza tena. Kisha akachuchumaa, maana lililobaki halikuweza kusemwa na mtu aliyesimama.

"Sheria haina kosa la kukushika nalo, Ma. Ni ajali. Naweza kuandika 'mtu asiyejulikana aliacha mboga dirishani', wakubwa wangu watapiga muhuri, nawe utaendelea kufagia. Lakini wale walioko kituoni hawatosheki na mtu asiyejulikana. Mtu asiyejulikana kwao ana jina tayari, na nyumba yake wamekwisha kuiezua. Wanataka mtu mwenye uso. Saa kumi bibi yule anatoka."

"Sasa ni saa ngapi?"

"Saa nane na nusu."

"Jonathan atakuwepo?"

"Yupo."

Bernadeta aliokota jani moja la kichaka. "Alisemaje?" aliuliza. "Kwenye kanda. Jani langu alilisemaje?"

"Sikio la mwanambuzi wa siku mbili."

Bernadeta alifumba macho, akalipitisha lile jani shavuni, taratibu. "Ni kweli," alisema. "Ndivyo lilivyo." Akasimama, akafungua aproni, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya fagio.

*

Maelezo yaliandikwa mezani, kurasa mbili na nusu. Bernadeta aliyasoma yote, akamsahihisha Byabato mahali pamoja: si "aliacha kwa uzembe", bali "aliacha kwa haraka". Akatia saini jina lote, Bernadeta Kokulinda, na kijiji alichozaliwa. Kisha akauliza, "Naruhusiwa kutoka nje?" na bila kungoja jibu akatoka.

Sungusungu walisimama. Byabato alimfuata hatua mbili nyuma, Ndalahwa hatua tatu.

"Mimi ndiye niliyempa jani lililomuua Mzee Mayala," alisema Bernadeta. Alisema kwa sauti ya kawaida, kwa hiyo wakalazimika kusogea. "Sikujua ni sumu. Yeye hakujua si mboga. Nililifunga kama chakula. Bibi hakuwepo, hajui, hahusiki."

Antoni alimtazama kwa muda. "Nani amekutuma umtetee?"

"Hata simfahamu. Sijawahi kumwona."

"Umepewa nini?"

"Nitapewa nini, kamanda? Kesho kila atakayepita mlangoni kwangu atasema, yule ndiye. Nani ananunua hilo?"

Wanaume walinong'ona. Mmoja, mzee, aliuliza kwa Kisukuma, na Ndalahwa akatafsiri, sauti yake kavu: "Anauliza, mtu mzima na akili zake, kwa nini umpelekee kipofu majani ya bustani?"

"Kwa sababu hakuna aliyempelekea kitu kingine," alisema Bernadeta. Hakumtazama Jonathan, wala hakuna aliyemtaja. Wote wakamtazama Jonathan wenyewe. Yeye alikuwa amebandua gamba la kovu kiganjani na damu ilikuwa ikichuruzika, hakuifuta.

Antoni aliivua filimbi shingoni, akaitia mfukoni. "Tumesikia," alisema. Pengine ilitosha, pengine haikutosha. Byabato alikuwa na miaka ishirini na minane kazini na hakuweza kulijua.

Ng'washi alitolewa saa kumi kasoro dakika tano. Alijikongoja mpaka nje, akayazoesha macho yake mekundu jua, akamwangalia Bernadeta kuanzia nyayo.

"Wewe ndiwe?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ulilisema mbele ya hawa?"

"Nimelisema."

"Hapa ni Igoma, ng'wanawane, mwanangu. Maneno ya Igoma yanaishia Igoma. Nyumba yangu iko Kisesa, na mlangoni wako wanawake ambao waume zao ni hawa." Alinyoosha mkono mkavu, akaushika wa Bernadeta juu ya kiwiko, kwa nguvu. "Nisindikize. Ukalisemee pale."

"Wataniua, mama?"

"Sijui. Peke yangu wataniua. Wawili, labda wataona ni kazi nzito."

Bernadeta alimtazama Byabato. Byabato hakuwa na sheria ya kumpa. Kisha Bernadeta akalitazama lile jengo, ule mti, zile fimbo kumi na mbili, akampa bibi mkono vizuri ili ashikilie, wakaanza kutembea. Sungusungu walipisha. Walipisha polepole, lakini walipisha, halafu wakafuata nyuma kwa umbali, Jonathan akiwa wa mwisho.

Byabato alichukua kofia yake mezani, akapanda Landrova. Ndalahwa aliwasha injini, akawafikia wale wanawake wawili kwenye lami ya barabara ya Musoma. Bibi alikuwa akitembea hatua za mtu anayepima shamba.

"Niwapakie, afande?"

Byabato alitoa kichwa dirishani, akauliza. Ng'washi alijibu bila kugeuka kwamba leo anataka waone akiingia kwa miguu yake.

"Umesikia," alisema Byabato.

"Sasa sisi?"

"Nyuma yao."

"Kwa gia ya kwanza? Afande, ni kilomita nane! Injini itachemka!"

"Ikichemka tutashuka," alisema Byabato. "Twende."